Shoka la Darini: Uchambuzi wa Kisa cha Lower Ninth Ward, New Orleans

Wazee wa Lower Ninth Ward, mashariki mwa jiji la New Orleans nchini Marekani, walikuwa na desturi ya kuweka shoka darini. Si la kuchanjia kuni. Usiku wa Kimbunga Betsy, Septemba 1965, maji yaliingia mtaani kwa kasi, watu wakakimbilia darini, na huko juu wakanaswa: maji yanapanda, paa halifunguki, hakuna pa kutokea. Waliopona walikoma. Tangu hapo shoka likawa kifaa cha nyumbani kama ufagio. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 29 Agosti 2005, Kimbunga Katrina kilipofika, wapo waliotoboa mapaa yao kutoka ndani wakapanda juu kusubiri mashua.

Shoka hilo ndilo lililonifanya nichague kisa hiki kuelezea ubaguzi wa rangi wa kimazingira, yaani madhara ya mazingira kubebeshwa watu kwa sababu ya rangi yao. Linaonyesha kwamba wakazi hawakuwa watu waliojenga mahali pa hatari bila kujua. Walijua maji yatarudi. Walijua kuta za kuzuia mafuriko zinazowakinga si za kulalia usingizi. Na walijua kwamba siku hiyo ikifika, wa kwanza kuwaokoa watakuwa wao wenyewe.

Ubaguzi wa rangi wa kimazingira kwa kawaida huelezwa kwa mfano wa jaa la taka lililowekwa mlangoni pa watu Weusi. Istilahi yenyewe ilishika nguvu hivyo, baada ya maandamano ya 1982 ya kupinga dampo la udongo wenye sumu katika wilaya ya Warren, jimbo la North Carolina. (Anayetaka mfano wa dampo hata New Orleans atalipata. Mabaki ya Betsy yalitupwa katika jaa la Agriculture Street. Baadaye juu ya jaa hilo zikajengwa nyumba zilizouzwa kwa familia za Weusi, na mwaka 1994 serikali kuu ikaliingiza kwenye orodha ya maeneo yenye sumu mbaya kuliko yote nchini. Fedha za kuwahamisha wakazi wa Gordon Plaza, mtaa uliopo hapo, ziliidhinishwa na jiji mwaka 2022.) Lakini Lower Ninth Ward ina sura nyingine ya ubaguzi huo, sura ngumu kuikamata kwa mkono. Hapa chombo kikuu kilikuwa hesabu, na hesabu haitamki rangi ya mtu.

Neno "chini"

Jina la mtaa huu limewaponza wenyewe. Kwa Kiswahili tungesema Kata ya Tisa ya Chini, na baada ya Katrina watu wengi waliokuwa mbali walilisikia hilo "chini" wakaona bonde, wakauliza nani mwenye akili timamu anajenga shimoni. "Chini" hapo ni mkondo wa mto tu: ni upande ambako Mississippi inaelekea baharini. Sehemu ya kata iliyo kando ya mto, Holy Cross, iko juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi inateremka polepole kuelekea kaskazini. Lakeview, mtaa wa watu wenye nafasi, karibu wote Wazungu, ulio upande wa Ziwa Pontchartrain, uko chini zaidi kuliko sehemu kubwa ya Lower Ninth Ward. Nao ulizama. Nitaurudia mtaa huo, maana ndio kipimo chetu.

Kilichoiweka kata hii pabaya ni kazi ya koleo. Kati ya 1918 na 1923 mamlaka ya bandari ilichimba Mfereji wa Viwanda kuunganisha mto na ziwa, ukaikata Kata ya Tisa vipande viwili. Kipande cha mashariki kikabaki kama kisiwa: mto kusini, mfereji magharibi, kinamasi kaskazini. Mpaka leo, kwenda mjini ni kuvuka mojawapo ya madaraja matatu yanayoinuka. Meli ikipita, daraja linanyanyuliwa, na aliye na mgonjwa ndani ya gari anasubiri sawasawa na aliyechelewa kazini.

Halafu ukaja mfereji wa pili. Mwaka 1956 Bunge la Marekani liliidhinisha njia ya meli iitwayo MRGO (Mississippi River–Gulf Outlet), yapata kilomita 120, kutoka Ghuba ya Mexico hadi ubavuni mwa New Orleans. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kiliichimba, ikakamilika katika miaka ya 1960. Meli hazikuja kwa wingi uliotarajiwa. Yaliyokuja ni maji ya chumvi, yakapenya kwenye vinamasi vya misaipresi na kuiua miti hiyo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipunguza nguvu ya mawimbi ya kimbunga. Kingo za mfereji zikamomonyoka, ukawa mpana mara kadhaa kuliko ulivyochorwa. Hili ni tone tu katika hasara ya jimbo zima: pwani ya Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 4,900 za ardhi tangu miaka ya 1930, na bahari inazidi kupanda. Ila tone hili lilielekezwa kwenye mlango wa watu fulani.

Watu gani? Tarehe 14 Novemba 1960 wasichana watatu Weusi, kila mmoja na miaka sita, waliingia darasa la kwanza katika shule ya McDonogh 19, iliyokuwa ya Wazungu tu, ndani ya kata hii, wakisindikizwa na maofisa wa serikali kuu. Wazazi Wazungu wakawaondoa watoto wao shuleni, na katika miaka iliyofuata familia za Kizungu zikahamia wilaya jirani ya St. Bernard na kwingineko. Kufikia sensa ya 2000, zaidi ya asilimia 95 ya wakazi wa Lower Ninth Ward walikuwa Weusi. Zaidi ya theluthi moja walikuwa maskini kwa vigezo vya serikali, lakini karibu kaya 6 katika kila 10 ziliishi katika nyumba zao wenyewe, kiwango kilichozidi wastani wa jiji. Hilo la umiliki likumbukwe. Huu haukuwa mtaa wa wapangaji wanaopita njia. Bibi alinunua kiwanja kwa bei ndogo, babu akapiga misumari, wajukuu wakarithi bila kwenda mahakamani.

Asubuhi ya Jumatatu

Siku moja kabla, Jumapili, meya alikuwa ametoa amri ya lazima ya kuhama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa wenye magari mpango ulifanya kazi, barabara kuu zikageuzwa njia moja, na sehemu kubwa ya wakazi wa jiji wakatoka. Lakini kuhama kwenyewe kulikuwa kwa gari, na zaidi ya robo ya kaya za New Orleans hazikuwa na gari. Si kwamba hili halikujulikana. Mamlaka zilikuwa zimeshakadiria kwamba watu wapatao 100,000 hawana usafiri wao, na Julai 2004 maofisa walikaa siku kadhaa wakifanya zoezi la kimbunga cha kubuni kinachoizamisha New Orleans. Picha ya mabasi ya shule yaliyopangwa safu kwa safu, maji yamefika madirishani, ni jibu la kutosha kwa anayeuliza kama zoezi hilo lilifuatwa na vitendo.

Tena ilikuwa tarehe 28. Anayeishi kwa malipo ya uzeeni au posho ya serikali analipwa mwezi unapoanza. Mwisho wa mwezi mfuko umetoboka, na hoteli ya Houston, katika jimbo jirani la Texas, haikopeshi.

Mapema asubuhi ya Jumatatu ukuta wa Mfereji wa Viwanda upande wa Lower Ninth Ward ulibomoka sehemu mbili. Hayo hayakuwa mafuriko ya kupanda taratibu kama sehemu nyingine za jiji. Ilikuwa ni kishindo. Nyumba za karibu na ukuta zilinyofolewa kwenye misingi na kubamizwa kwenye nyumba za jirani. Tishari la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 50 lilipita kwenye tundu la ukuta likatua juu ya makazi ya watu. Mwanamuziki Fats Domino, aliyekuwa na fedha za kuishi popote lakini akakaa Caffin Avenue alikozaliwa jirani, aliokolewa kwa mashua. Kwa siku chache alidhaniwa amekufa, hata mtu akaandika tanzia kwa rangi ya kupuliza kwenye nyumba yake.

Rangi hiyo ya kupuliza ilikuwa kila mahali. Waokoaji walipomaliza kukagua nyumba walichora X kubwa ukutani. Pembe moja tarehe, nyingine jina la kikosi, ya tatu hatari zilizomo, ya chini idadi ya waliokutwa. Sifuri katika pembe ya chini ilikuwa habari njema.

Kuhusu vifo ni lazima tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo watetezi wenye haraka huteleza. Kwa miaka mingi idadi iliyotajwa ni 1,833. Mwaka 2023 Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kiliishusha hadi 1,392. Uchunguzi wa vifo vya Louisiana uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba karibu nusu ya marehemu walikuwa na miaka 75 au zaidi. Uzee uliua kuliko kitu kingine chochote. Na Wazungu walikufa wengi pia. Wilaya ya St. Bernard, iliyokuwa ya Wazungu kwa sehemu kubwa, ilizamishwa karibu yote na mfereji ule ule wa MRGO. Lakini uchunguzi huo huo ulikuta kwamba ndani ya New Orleans, miongoni mwa watu wazima, kiwango cha vifo vya Weusi kilikuwa kati ya mara 1.7 na mara 4 ya kile cha Wazungu. Hayo mawili hayapingani.

Alhamisi ya wiki hiyo, mamia ya watu waliokwama mjini walijaribu kuvuka kwa miguu daraja la Mississippi kwenda upande mkavu. Polisi wa mji mdogo wa Gretna waliwazuia, wakafyatua risasi hewani, wakawarudisha. Wengi wa waliorudishwa walikuwa Weusi. Tukio hili husimuliwa sana kwa sababu lina bunduki ndani yake. Binafsi naona yaliyofuata, yaliyofanywa na watu wapole wenye kalamu, ndiyo mazito zaidi.

Hesabu ya Road Home

Lower Ninth Ward ilikuwa ya mwisho kufunguliwa kwa wenyewe. Miezi mitatu baada ya kimbunga, wengi waliruhusiwa tu kutazama na kuondoka. Januari 2006 tume ya meya ikapendekeza baadhi ya mitaa isijengwe mpaka ithibitishe kwamba wakazi wa kutosha watarudi, na gazeti la jiji likachapisha ramani yenye miduara ya kijani mahali ambapo pangeweza kuwa bustani. Fikiria: umelala Atlanta kwa shemeji, nyumba yako imefungwa na jeshi, na unatakiwa uthibitishe kwamba utarudi. Pendekezo lilizimwa na kelele za wananchi. Hofu haikuzimika.

Kisha zikaja fedha. Serikali kuu ilitoa mabilioni ya dola, na jimbo la Louisiana likaanzisha programu ya Road Home, yaani njia ya kurudi nyumbani, kwa wenye nyumba. Kiwango cha juu kilikuwa dola 150,000 kwa nyumba. Kanuni ilikuwa sentensi moja: chukua thamani ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuikarabati, kisha lipa ile iliyo ndogo, ukitoa bima na misaada mingine.

Sentensi hiyo inasikika kama haki. Tuifanyie hesabu kwa mfano wa kubuni. Nyumba mbili, vyumba sawa, mbao sawa, mwaka mmoja wa kujengwa, maji yalifika kimo kimoja. Kuzikarabati ni dola 120,000 kila moja, kwa kuwa fundi, saruji na nyaya za umeme havina bei ya Mzungu na bei ya Mweusi. Ya kwanza iko Lakeview, na soko linasema thamani yake ni dola 160,000. Mwenyewe analipwa 120,000, anajenga. Ya pili iko Lower Ninth Ward, na soko linasema 60,000. Mwenyewe analipwa 60,000, na nusu ya nyumba haina wa kuilipia. Hatajenga nusu ya paa.

Kwa nini soko liliona nyumba ya pili haifiki hata nusu ya bei ya ile ya kwanza? Kwa sababu katika miaka ya 1930 ramani za mikopo za Marekani zilipakwa rangi nyekundu kwenye mitaa ya Weusi na benki zikaikwepa. Kwa sababu Wazungu walihama mtaa ulipopata mtoto wa kwanza Mweusi darasani. Kwa sababu kuna mfereji ubavuni na daraja linaloinuka. Ubaguzi wa zamani uliingizwa kwenye kikokotoo ukiitwa "thamani ya soko", ukatoka upande wa pili ukiitwa "fidia". Karani aliyebonyeza vitufe huenda alikuwa Mweusi mwenyewe. Haikubadilisha kitu.

Kuna wanaosema hapa tatizo ni umaskini, rangi isitajwe. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa mwathirika mmoja mmoja mara nyingi ni kweli. Lakini katika mfano wetu kipato hakikuulizwa popote. Wawili hao wanaweza kuwa na mshahara mmoja. Kilichowatenganisha ni anwani, na anwani ndiyo iliyobeba rangi.

Shirika la kutetea haki ya makazi la New Orleans lilifungua kesi mwaka 2008. Mwaka 2011 pande zote zilikubaliana: dola milioni 62 kwa wenye nyumba wapatao 1,300. Ilikuwa imepita miaka sita. Aliyekuwa wa kurudi alikuwa ameshapata kazi Texas, watoto wameshazoea shule, na kiwanja ameshaliuzia jimbo.

Wengine hawakufika hata kwenye hesabu. Nyumba ya kurithishana kwa mdomo haina hati yenye jina la anayeishi ndani. Jina lililo kwenye hati ni la bibi aliyefariki miaka ishirini iliyopita, na warithi wametawanyika majimbo matano. Uthibitisho wa umiliki ukawa ukuta mwingine, na huu haukubomoka. Kile kile kilichokuwa fahari ya mtaa, nyumba za ukoo, kikageuka kikwazo mezani kwa karani.

Na St. Bernard, walikohamia Wazungu wa 1960? Septemba 2006 baraza la wilaya hiyo lilipitisha sheria ndogo kwamba mwenye nyumba asipangishe kwa mtu asiye ndugu yake wa damu bila kibali maalumu. Katika wilaya ambayo wenye nyumba walikuwa karibu wote Wazungu, "ndugu wa damu" haihitaji ufafanuzi. Sheria iliondolewa baada ya kushtakiwa. Naitaja kwa sababu wahanga wawili wa mfereji mmoja walipata nafasi ya kusimama pamoja, na mmoja akachagua kufunga mlango.

Nani alaumiwe kwa ukuta

Mwaka 2006 mkuu wa Kikosi cha Wahandisi alikiri hadharani kwamba mfumo wao wa kuta ulishindwa. Kukiri si kulipa. Sheria ya kudhibiti mafuriko ya 1928 inaikinga serikali kuu isidaiwe madhara ya kazi za kuzuia mafuriko, na kesi za kuta zilikufa kwa kinga hiyo. Kesi ya MRGO ilipita kwenye upenyo: mfereji huo ulikuwa wa meli, haukuwa wa kuzuia mafuriko. Novemba 2009 jaji Stanwood Duval aliamua kwamba kikosi kilizembea kwa kuuacha uharibike. Machi 2012 mahakama ya rufaa ilimuunga mkono. Septemba mwaka huo huo, jopo lile lile la majaji watatu lilibadili msimamo wake na kuifuta hukumu. MRGO wenyewe ulikuwa umeshafungwa kwa ukuta wa mawe tangu 2009.

Sensa ya 2010 ilikuta watu wasiofika 3,000 katika mtaa uliokuwa na 14,000. Mwigizaji Brad Pitt alianzisha mradi wa nyumba za kisasa 150, zikajengwa 109. Nyingi zikaanza kuoza na kuvuja, na mwaka 2018 wakazi wakaenda mahakamani. Ukitembea huko utaona ngazi za saruji, vidato vitatu au vinne, zinapanda kuelekea mahali palipokuwa na mlango. Nyuma yake ni majani.

Haki itendeke pia kwa yaliyorekebishwa. Mfumo mpya wa kuta na malango uligharimu zaidi ya dola bilioni 14, na tarehe 29 Agosti 2021, Kimbunga Ida kilipopiga miaka 16 kamili baada ya Katrina, kuta za New Orleans zilisimama. Umeme ulikatika jiji zima, watu wakafa kwa joto. Lakini maji hayakuingia.

Kalamu nazo ziliendelea na kazi. Baadhi ya waliopunjwa na Road Home walikuwa wamepewa dola 30,000 za nyongeza za kuinua nyumba juu ya nguzo. Kwa vile fedha za ukarabati hazikutosha, walizitumia kumalizia kuta na sakafu, na wapo wanaosema waliruhusiwa na wawakilishi wa programu yenyewe. Jimbo liliwashtaki wenye nyumba wapatao 3,500 likitaka fedha zirudishwe. Kesi hizo zilikuja kusimamishwa Februari 2023.

Mfereji wa Viwanda uko pale pale. Kwa miaka mingi Kikosi cha Wahandisi kilikuwa na mpango wa kujenga lango jipya kubwa zaidi la meli ndani yake, kazi iliyokadiriwa kuchukua zaidi ya miaka kumi na kuvuruga madaraja ambayo wakazi hupitia. Lango hilo liliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, kwa sheria ile ile iliyoileta MRGO.